Kadi Iliyoanikwa Itiryo: Tunamuaga Mzee Maftah Kudra

Tarehe 30 Juni 2023 Mzee Maftah Kudra anafunga dirisha namba moja la kituo chetu cha kununulia dhahabu, Tarime mjini, baada ya kulikalia miaka thelathini na miezi minne. Baadhi ya watumishi wenzake wa leo walikuwa hawajazaliwa alipoanza.

Alikuja Machi 1993, mtoto wa sonara, wakati watu walipokuwa wakiwaacha ng'ombe bila kukamuliwa ili wawahi mashimoni. Dhahabu aliijua kwa jiwe, kwa tindikali na, akiwa na haraka, kwa kuinyanyua tu kiganjani. Shaba iliyopakwa rangi hakuipa hata salamu. Kanuni yake kila mchimbaji aliijua: mali iletwe imeoshwa, kwa kuwa kituo hakinunui tope. Neno "kaoshe" alilitamka bila hata kuinua macho, na sisi tulimtania kwamba angewaambia hivyo hata wakaguzi.

Jumanne moja ya Septemba 2011 alikuja Mama Judith Ryoba, mjane wa kijiji cha Itiryo. Hakuleta dhahabu. Alileta kadi ndogo ya karatasi ngumu yenye picha ya shujaa wa katuni, mtu mwenye barakoa na joho la kijani, akiruka juu ya maghorofa. Marehemu mume wake aliwahi kuwapikia wageni watafiti wa madini, na mmoja wao alimwachia kadi hiyo akisema kwao watu huzikusanya na nyingine zina bei kubwa. Miaka yote ilichomekwa kwenye fremu ya picha ya harusi, ikashika masizi. Sasa binti yake Agustina alikuwa amepata nafasi chuo cha uuguzi, na ada isipolipwa kufikia Jumatatu nafasi ingekwenda kwa mwingine. Mama alitaka kujua kama kadi ni halisi au feki, na ina thamani gani.

Mzee hakuwahi kuona kitu kama hicho. Aliipitia kwa lenzi mbele na nyuma, mimi nikaipiga picha kwa simu na kumtumia mkusanyaji mmoja wa Nairobi anayefahamiana na dada yangu. Foleni ilikuwa ndefu. Mzee akamrudishia mama kadi yake, na kwa mazoea ya miaka kumi na minane akamwambia akaioshe, arudi Ijumaa.

Jibu liliingia kwenye simu yangu Alhamisi asubuhi. Kadi halisi ya toleo lile ina karatasi nyembamba nyeusi iliyofichwa katikati ya matabaka yake. Ikiwa nayo, mkusanyaji angeinunua kwa bei ya kutosha ada ya miaka yote mitatu. Masizi hayakumsumbua, ila isiguswe na maji.

Mzee na mimi tulipanda bodaboda moja, mishikaki, tumebanana nyuma ya dereva, mpaka Itiryo. Kadi tuliikuta kwenye kamba ya nguo, imebanwa kwa vibanio kati ya kanga mbili.

"Si wewe ulisema ioshwe, Mzee?" Mama Judith alisema kwa fahari. "Nimesugua mpaka kona. Ikikauka napiga pasi."

Rangi ilikuwa imechuja. Kona zilikuwa zimefumuka, na katikati karatasi nyeusi ilichungulia. Ilikuwa halisi.

Mzee alivua kofia akamweleza bila kuzunguka: kadi ni halisi, Jumanne ilikuwa na bei ya ada nzima, leo haina, na aliyeiharibu ni yeye. Mama Judith alikaa chini palepale kwenye majani akalia. Kisha alimkaripia kwa Kikurya, maneno ambayo mimi niliyaelewa yote na sitayatafsiri hapa. Mzee alisubiri amalize. Jumamosi aliuza ng'ombe wake wote sita mnadani, akainunua kadi ile iliyochuja kwa bei ya kadi nzima. Agustina aliripoti chuoni Jumatatu.

Kuna jambo ambalo Mzee hajamwambia mtu. Mama Judith alipoingia ndani kututafutia viti, nilimnong'oneza Mzee aseme kadi ni feki. Ujumbe ulikuwa kwenye simu yangu, ningeufuta, na mama asingejua alichopoteza. Nilidhani huo ni wema. Mzee aliniacha hapo, akarudi kusimama karibu na kamba.

Tangu siku ile tumekaa madirisha jirani miaka karibu kumi na miwili, na hajawahi kuikagua mizani yangu hata mara moja. Leo najisema mwenyewe. Mama Judith, wewe uliyeketi mstari wa mbele katika hafla hii ya kumuaga, nisamehe.

Mzee Maftah, asante kwa yote. Kapumzike kwa raha na afya njema, wewe na wote wa nyumbani kwako.

Philomena Simoni, dirisha namba mbili