Fundi Zubery Othmani, Mfukiza Mabasi

Jumamosi hii, tarehe 28 Juni 1958, kengele ya mchana itakapolia, Fundi Zubery Othmani atastaafu baada ya kuitumikia Kampuni ya Mabasi ya Poroto kwa miaka ishirini na saba. Wengi wetu tulimkuta hapa. Wengine tulimkuta, tukagombana naye, tukapatana, tukagombana tena, na leo tunapewa heshima ya kuandika sifa zake. Mimi Jailos ni seremala, na seremala kumsifu fundi wa rangi si jambo la kila siku. Basi msomaji na aelewe kwamba kila neno jema lililomo humu limetoka kwa taabu, na ni la kweli.

Fundi Zubery ni mzaliwa wa Iringa mjini. Baba yake alipanda bara kutoka Kilwa na misafara ya biashara, akauza nguo pale Iringa, akaoa, akasahau kurudi. Mwaka 1931, mji wa Mbeya ulipokuwa bado unanuka chokaa mbichi na kila mtu akiitaja dhahabu ya Chunya, Zubery alikuja huku akaajiriwa na kampuni hii kuwa utingo wa lori. Kazi yake ilikuwa kuweka kigingi nyuma ya gurudumu mlimani na kusukuma kwenye matope. Anasema mwenyewe kwamba alikuwa utingo hodari kuliko wote barabara ile. Hatuna wa kumuuliza, maana dereva wake ameshafariki.

Kilichomtoa kwenye matope ni mwandiko. Alisoma chuo cha Kurani kwa babu yake, na mkono wake ulizoea kalamu ya mwanzi. Siku moja namba ya lori ilibanduka ubavuni, naye akachukua brashi akaiandika upya wakati dereva anakula. Meneja wa siku zile alipoiona alidhani imetoka kiwandani. Tangu hapo hakuna gari la Poroto lililoondoka Mbeya bila maandishi ya Zubery. Herufi ya Y katika neno MBEYA aliipa mkia uliopita chini ya neno zima na kupanda juu tena. Meneja mwingine aliamuru mkia ukatwe, na abiria wa stendi wakaanza kuuliza basi lile limeuzwa kwa nani. Mkia ukarudishwa wiki hiyohiyo.

Lazima tuseme na tabia yake, kwa kuwa hii si hotuba ya maziko. Fundi Zubery hajapata kukosea. Rangi ikikubali, ni mkono wake. Rangi ikikataa, ubao wa maseremala ulikuwa na maji. Anaingia kazini na kofia nyeupe na anatoka nayo nyeupe, jambo ambalo sijaliona kwa mpaka rangi mwingine yeyote. Akikuta uzembe, chumba kizima kitajua, na jirani zetu wauza vipuri pia. Lakini hakuna aliyepita mikononi mwake akaondoka bila kujua kazi. Walio chini yake, Yotamu, Alinanuswe, Tupokigwe na wenzao, hawamwiti bwana wala mkubwa; wanamwita Baba Fundi.

Tuje sasa kwenye mwaka 1953, maana bila mwaka ule tusingekuwa na sherehe hii. Kampuni ilipewa njia ya Mbeya hadi Iringa, na mabasi manne mapya yalitakiwa barabarani tarehe mosi Julai. Mabodi tuliyaunda hapahapa kwa mbao, na rangi ilitakiwa iwe nyekundu. Anayeijua Mbeya anaijua Juni yake. Asubuhi ukungu unaketi uani mpaka jua lichoke kuusubiri; jioni baridi inarudi kabla mtu hajamaliza kunawa. Rangi ya mafuta katika hali hiyo haikauki. Inanata, inakusanya vumbi na inzi, na umande ukiilalia inapoteza mng'ao. Miaka yote tulikuwa tukingoja Septemba, na mwaka ule hapakuwa na nafasi ya kungoja.

Wakubwa wa kampuni wakaja kutoka Iringa, wakatazama, wakasema wazi mbele ya wote. Mabasi yasipokuwa tayari siku ile, chumba cha rangi cha Mbeya kitafungwa, kazi zote zitakwenda Iringa, na watu wa rangi wataachishwa. Mmoja tu angechukuliwa, naye ni Zubery. Huko angekuwa mkuu wa rangi, mjini kwao, karibu na makaburi ya wazazi wake. Watu walimtazama. Yotamu alikuwa na watoto wadogo, na Alinanuswe alikuwa ndiyo kwanza ameoa. Fundi Zubery aliwashukuru wakubwa kwa adabu zote za pwani, kisha akawaambia kwamba alikuja Mbeya kwa miguu yake mwenyewe na hatarudi Iringa kwa kukanyaga migongo ya wenzake. Wakubwa wakapanda gari lao wakaondoka, na sharti likabaki palepale.

Wiki hiyohiyo ikafika mashine. Ilikuwa imeagizwa na fundi umeme wetu, Philbert, kwa ajili ya kukausha dinamo zilizoingia maji. Ilikuja kwa treni hadi Itigi, kisha kwa lori kupitia Chunya. Ni chombo cha kubebeka kwa mkono mmoja: pipa dogo la chuma lenye mpini juu, feni nyuma, koili za kuwaka ndani, na mdomo mbele unaotoa hewa ya moto. Meneja aliyekuwapo, Mzungu mwema aliyekipenda Kiswahili kuliko Kiswahili kilivyompenda yeye, alituita wote ili atutambulishe kwayo. Alitaka kusema ni mashine ya upepo wa moto. Akaangusha herufi moja tu. Akatangaza kwamba hii ni mashine ya pepo wa moto, na kwamba kuanzia leo itafanya kazi pamoja nasi.

Philbert akabonyeza swichi, chombo kikavuma, na mlango wetu mkubwa ukageuka mwembamba ghafla kwa wingi wa waliotaka kupita. Yotamu, ambaye ni mzee wa kanisa, alisimama uani akatoa msimamo wake: "Mimi pepo sigusi! Yesu mwenyewe aliwafukuza, mimi nani niwakaribishe?" Aliyebaki ndani ni Zubery peke yake, akicheka mpaka kofia ikapinda. Alisema tangu chuoni ameambiwa achague moja, pepo ya waja wema au moto, na hajapata kuona vyote viwili vikiuzwa na mpini mmoja. Kisha akaweka viganja vyake mbele ya ule mdomo, akaota moto kama mtu aliye mekoni, akamwita Yotamu aje aote naye. Baridi ya Juni ilimaliza mahubiri, Yotamu akaja. Lakini jina la Mashine ya Pepo halikutoka tena hadi leo.

Siku ya pili Fundi alielekeza hewa ile moja kwa moja kwenye ubavu wa basi la kwanza. Hapa inatulazimu kusema kweli. Rangi ilivimba malengelenge, na vumbi la sakafuni likaruka likajipaka humo. Ikabidi mlango mzima ukwanguliwe. Maseremala tulikuja mmoja mmoja kutoa pole, na tulikaa zaidi ya pole inavyohitaji. Fundi alisema ubao ulikuwa na maji. Hata hivyo, jioni hiyo alikwenda nyumbani kwake Ilomba bila kuaga mtu, na siku zilikuwa zinakwisha.

Kilichofuata ametusimulia mkewe, Bi Mwanakhamisi, ambaye naye anastahili shukrani zetu leo. Mumewe alimkuta akifukiza nguo za arusi ya jirani. Wenye asili ya pwani wanajua namna yake: chetezo chenye makaa na udi huwekwa chini, kikafunikwa na tenga, na nguo hutandazwa juu ya tenga mpaka ziguse chini, ili joto na harufu vikae humo vipenye polepole. Hakuna anayezipepea nguo moshi usoni. Zubery aliilalamikia ile mashine kwa kirefu, na mkewe, bila kuinua macho, akamwambia kwamba nguo haikimbizwi na moshi, nguo hufunikwa ikae nao. Fundi aliacha chai yake mezani akatoka uani kufikiri.

Asubuhi alituamuru maseremala, kwa sauti ya mtu ambaye jana hakuunguza chochote, tumjengee tenga la kufunika basi. Tukamjengea. Tulizungusha fremu ya miti kandokando ya basi zima bila kuligusa, tukaifunika kwa maturubai mpaka chini, na sakafu tukaimwagia maji ili vumbi lilale. Mashine yenyewe haikuingia ndani kamwe, kwa sababu mvuke wa rangi na koili nyekundu si watu wa kulala kitanda kimoja. Ilikaa nje penye hewa safi, na joto lake likapitishwa kwenye bomba refu la bati. Juu tukaacha nafasi ya mvuke kutoka.

Maturubai yalikuwa makuukuu, yenye matundu, na joto likawa linatoroka. Ndipo Yotamu, yuleyule wa mahubiri, alipokwenda kwake akarudi na blanketi. Alinanuswe akaleta la kwake, jipya, la arusi. Kabla ya jioni basi lilikuwa limevishwa mablanketi ya nusu ya karakana, na katika Juni ya Mbeya hiyo si sadaka ndogo. Watu wa rangi wakapokezana zamu kwenye mashine, sisi wengine tukaenda kulala tumejikunyata.

Asubuhi turubai lilifunuliwa. Rangi ilikuwa imekauka, ngumu, laini, nyekundu ya kumeremeta, na ndani yake tulijiona sisi wenyewe, nywele hazijachanwa. Tupokigwe akaanza kucheza ngoma isiyo na mpigaji. Fundi alisema ndivyo alivyotarajia. Basi la pili likafukizwa, la tatu likafuata, na la nne lilitoka chini ya mablanketi mwezi ukiwa bado haujaisha.

Lakini mji nao una macho. Waliochungulia uani waliona basi limefunikwa gubigubi kwa mablanketi, wakasikia kwamba linafukizwa, wakasikia na Mashine ya Pepo ikitajwa, wakajumlisha wenyewe. Sokoni ikaenea kwamba mabasi ya Poroto yamepagawa, na mafundi wanayapunga pepo. Tarehe mosi Julai basi la kwanza lilisimama stendi liking'aa, wakubwa wa Iringa wakiwa kando wanatazama, na hakuna abiria hata mmoja aliyepanda. Watu waliunda duara kubwa kulizunguka, kwa heshima, mbali kidogo. Tuliona jasho letu lote linataka kupotea pale mbele ya macho yetu, na Alinanuswe alikuwa amejishika kichwa.

Akajitokeza mama mmoja mkulima kutoka mlimani, aitwaye Damari, na vikapu vyake vya viazi vya kupeleka Nyololo, kwenye njia ya Iringa. Alimuuliza Fundi Zubery kama ni kweli basi hili limefukizwa. Fundi, ambaye hajui kusema uongo juu ya kazi yake, alikiri kwamba limefukizwa sana. "Ee, basi hili ndiyo safi!" mama yule akaitangazia stendi nzima. "Hayo mengine ndiyo hayajafukizwa. Nipokee kikapu, baba." Duara likavunjika. Basi lilijaa mpaka ngazini, na lilipofika Nyololo watu walitoka madukani kujitazama ubavuni mwake.

Wakubwa hawakurudi tena na habari ya kufunga. Chumba cha rangi kilibaki, watu wake wote walibaki, na mwaka uliofuata kikapanuliwa. Tangu 1955 Iringa wenyewe hutuletea mabasi yao kila majira ya baridi, nasi huyapokea kwa unyenyekevu ambao hatuna. Mikononi mwa Zubery Mashine ya Pepo imekausha dinamo na viti vilivyolowa, imepasha moto injini zilizogoma asubuhi, na Jumapili moja ya mvua ilikausha gauni la ubatizo la binti wa Yotamu wakati kengele ya kanisa imeshalia. Yotamu hakuomba ushauri wa mtu siku hiyo.

Wiki iliyopita basi jipya liliingia chumbani, na wenzake walimwomba Fundi jambo gumu kuliko yote: akae. Akaketi nje, mikono magotini, huku Yotamu, Alinanuswe na Tupokigwe wakipaka, wakifunika na kufukiza bila neno lake hata moja. Walipofunua wakamwita. Alilizunguka basi lote taratibu, akipitisha mgongo wa kidole kwenye kila ubao. Aliinama penye magurudumu. Alipanda mpaka juu ya paa. Alitafuta kosa kwa bidii yake yote, na tunashuhudia kwamba alilitamani. Hakulipata. Akashuka, akawatazama wale watu, machozi yakamtoka mbele yetu sote, wala hakuisingizia harufu ya tapentaini.

Fundi Zubery, kampuni inakushukuru, na sisi wa karakana tunakushukuru zaidi, hata maseremala. Tunakuombea wewe na Bi Mwanakhamisi afya njema, usingizi mrefu katika asubuhi za baridi, na wajukuu wa kuwasimulia haya yote bila mtu wa kukusahihisha. Maisha mema na yawe yako, umeyafanyia kazi. Jumatatu kengele ikilia, chumba cha rangi kitafunguliwa bila wewe kwa mara ya kwanza. Lakini kitafunguliwa, Baba Fundi.