Bunduki Aliyoipokea kwa Adabu

Ndugu, jamaa, majirani, wakubwa na wadogo wa kazini, poleni kwa safari na poleni kwa jua, familia inaomba mkae vizuri kwenye viti kwa sababu historia hii ina mahali ambapo msomaji atasita, naye msomaji ni dada mkubwa wa marehemu, aliyembeba mgongoni na kumfundisha kufunga kamba za viatu, kwa hiyo akisita msidhani ni miwani.

Marehemu alizaliwa tarehe 4 Februari 1958, alfajiri, katika chumba cha nyuma cha nyumba ya baba yake aliyekuwa seremala, akiwa mtoto wa tatu na wa kwanza wa kiume, na mama alikuwa akisimulia kwamba alizaliwa kimya, akapigwa kofi la mgongo ndipo akalia, na hata alipokua alibaki mtu wa kusubiri aguswe kwanza ndipo aseme. Alikuwa na adabu mpaka ikawa kero, akipewa kitu na mtu mzima alikipokea kwa mikono miwili, akashukuru, akaondoka bila kukitazama, mpaka siku moja mwenye duka akamfungia chumvi badala ya sukari, naye akaileta nyumbani hivyohivyo kwa sababu aliona haya kufungua kifurushi mbele ya mkubwa, chai ya siku hiyo ikamwagwa yote, baba akacheka mpaka machozi yakamtoka, na mama akamtetea kwamba huyu angalau ana heshima, siyo kama dada yake. Dada yake alinuna wiki nzima.

Alianza shule ya msingi mwaka 1966, akamaliza darasa la saba mwaka 1972, akaendelea na sekondari hadi mwaka 1976, na huko hesabu zilimtoa jasho lakini mwandiko wake ulikuwa mzuri kiasi kwamba walimu walimpa kazi ya kuandika ubaoni, akawa anaandika maswali ambayo yeye mwenyewe hayawezi.

Mwezi Aprili 1978 aliajiriwa katika jeshi la polisi, na baada ya mafunzo akapangiwa kituo kidogo chenye kaunta ya mbao, chumba kimoja cha mahabusu na chumba cha silaha chenye mlango wa chuma uliokuwa ukilia kila ukifunguliwa, na kwa kuwa askari walikuwa wengi kuliko bunduki, bunduki haikuwa ya mtu, ilikuwa ya zamu, anayetoka zamu anamkabidhi anayeingia, mkono kwa mkono, pale mlangoni. Utaratibu ulisema risasi zibaki kwenye magazini, pasiwe na hata moja iliyokwishapanda tayari kufyatuliwa, anayetoa aifungue aonyeshe, na anayepokea naye aifungue ajionee. Lakini kituoni pale kulikuwa na mazoea ambayo hayakuandikwa popote, kwamba ukipewa bunduki na mkubwa wako huifungui mbele ya macho yake, kwa maana kuifungua ni kumwambia humwamini, na aliyethubutu aliulizwa mbele ya wenzake, “Ala! Unanikagua mimi?”, kisha akataniwa mwezi mzima. Mnaona wenyewe kwamba kwa mdogo wetu huyu, mazoea hayo yalikuwa kama yameshonwa kwa kipimo chake.

Tarehe 17 Desemba 1983 alifunga ndoa na mwalimu wa chekechea, huyu wifi yetu mnayemwona amejitanda nguo nyeusi pale mbele, mwanamke ambaye tangu aingie katika familia hii hajawahi kupandisha sauti na bado kila mtu humtii, wakajaliwa watoto watatu, wa kwanza binti ambaye naye ni askari, wa pili dereva wa lori, na wa mwisho fundi umeme.

Sasa msomaji anameza mate, kisha anaendelea.

Asubuhi ya Jumatatu, tarehe 12 Agosti 1991, marehemu aliingia zamu, akapokea bunduki kwa koplo mmoja aliyekuwa amemzidi umri na cheo, akaipokea kwa mikono miwili, akashukuru, hakuifungua. Koplo yule usiku huo alikuwa amemkimbiza mtu vichochoroni, akaikoki bunduki, risasi ikapanda, mtu akapotea, koplo akarudi na usingizi wake, akasahau kuitoa ile risasi. Haukupita muda ikaja taarifa kwamba kwenye bomba la maji la mtaa wa pili wanawake na vijana wanagombania foleni, ndoo zinarushwa, marehemu akaenda, akawakuta wameshikana mashati, akafanya kama walivyozoea kufanya askari wote wa kituo kile, akaigeuza bunduki akawa anawasukuma watu kwa kitako, rudini nyuma, rudini nyuma jamani, na mtutu ukiwa umeelekea ng’ambo ya barabara, ikalia.

Ng’ambo ya barabara, kwenye kibaraza cha duka la vipuri vya baiskeli, alikuwa amekaa fundi viatu. Hakuwa na ndoo, hakuwa na ugomvi na mtu, na marehemu alisema baadaye kwamba watu wote walikimbia isipokuwa yule fundi, naye akadhani huyu ana moyo kweli, mpaka alipomfikia.

Jioni ile mkuu wa kituo wa wakati huo alifunga mlango, ndani wakiwa watatu, akawaambia marehemu na koplo kwamba wakisema ilikuwa bahati mbaya watafungwa wote wawili na watoto wao watalala njaa, kwa hiyo maneno ni haya, fundi aliruka kutaka kuipora bunduki, basi. Marehemu hakusema ndiyo na hakusema hapana, aliona haya kumbishia mkubwa, akatia sahihi kwa ule mwandiko wake mzuri. Siku iliyofuata fundi akatangazwa kuwa jambazi, mtaa mzima ulijua siyo kweli na mtaa mzima ukaufyata, mwenye nyumba akamfukuza mjane wake kwa madai kwamba hawezi kuishi na mke wa mwizi, na watoto wake wakaitwa shuleni kwa jina hilo mpaka wale wakubwa kati yao wakaacha shule. Na sisi familia, ambao marehemu alituambia ukweli mwezi uleule akiwa amekaa chini sakafuni jikoni kwa dada yake, tulimwambia nyamaza, una watoto wadogo, yamekwisha. Tunaona aibu kusema hivyo mbele zenu, na aibu hii si ya leo.

Tangu siku hiyo marehemu hakushika tena bunduki, aliomba akae kaunta, alipotakiwa doria alitoka na rungu na filimbi, na hapo ndipo wenzake walipomwita Afande Filimbi, jina ambalo wengi wenu mmemjua nalo na mkadhani ni la mapenzi, ilhali lilianza kama kejeli, watoto wake wakaulizwa kama baba yao ni askari au refa, naye alicheka pamoja na waliomcheka. Wengine walimsifu kwamba ni mtu wa amani, akisikia hivyo aliinuka akaenda kunawa uso. Na msidhani kwamba filimbi ilimpa usingizi, maana mwaka 1999 majambazi waliingia kwenye duka la dawa akiwa doria jirani, wao wana bunduki yeye ana filimbi, akapuliza mpaka pumzi ikamwishia, walipoondoka muuza dawa alikuwa amepigwa jicho la kushoto likapotea, na muuza dawa huyo, ambaye yupo hapa leo na ametupa ruhusa tuseme, alimwambia akiwa kwenye machela, “Afande, ungekuwa na bunduki.” Alirudi nyumbani akamwambia mkewe kwamba nilipokuwa nayo nimeua, nilipokuwa sina nimeacha mtu aumizwe, sasa niambie mimi ni askari wa namna gani.

Mwaka 2008 binti yake alipojiunga na polisi, marehemu hakula kwa siku mbili, na tangu hapo kila Jumapili mezani palikuwa na mjadala uleule, binti akisema, “Baba, jambazi ana silaha, mimi niende nikampulizie?”, baba akisema, “Mwanangu, bunduki ikiwa kiunoni mkono unaizoea, na ulimi unasahau kuongea,” binti akisema shida siyo bunduki, shida ilikuwa adabu ya kijinga ya kuogopa kuikagua, na baba akijibu kwa upole, “Sawa, lakini huyo mwenye adabu ya kijinga ndiye aliyepewa bunduki, na watu kama mimi bado wanaajiriwa.” Hapo mama yao akauliza nani anaongezwa mchuzi. Hawakuwahi kukubaliana, na familia haina uwezo wa kuwaamulia leo, ila mjue kwamba katika kituo anachofanya kazi binti huyo, anayepokea bunduki huifungua mbele ya anayempa, hata kama anayempa ni mkubwa wa mkoa, na anayenuna anaambiwa anune tu.

Marehemu alistaafu mwaka 2013, akawa anapalilia bustani yake na kusahihisha mwandiko wa wajukuu, na miaka mitatu iliyopita akaanza kusumbuliwa na figo, akatibiwa, akapata nafuu, hali ikabadilika tena mwezi uliopita, akalazwa. Akiwa wodini aliwaita mkewe, binti yake na dada yake, akasema mkisoma historia yangu msiruke ya fundi, dada yake akamwambia aache kuleta uchuro, yeye akamshika mkono, yeye ambaye maisha yake yote hakuwahi kumbishia mkubwa, akasema, “Dada, safari hii nakataa.” Alifariki dunia Jumanne ya wiki iliyopita, mchana, mkewe akiwa anamlainisha midomo kwa pamba yenye maji.

Kikao cha familia cha kupanga mazishi kilikuwa kizito, jamani tusidanganyane, wapo waliosema tunamvua nguo marehemu mbele za watu, wapo waliosema tunawaharibia wajukuu jina, shemeji mmoja aliondoka na kubamiza mlango, na wifi yetu alinyamaza mpaka wote wakachoka, kisha akasema, “Yule mjane mwenzangu alimzika mumewe na watu sita, hakuna aliyesoma chochote, maana nani atasoma historia ya mwizi? Msome.” Kesho yake dada wa marehemu alikwenda kwa mjane wa fundi, akamkuta anaanua nguo, hakukaribishwa ndani, na hakustahili kukaribishwa, akaomba radhi akiwa amesimama. Mama yule alimsikiliza, akaendelea kukunja mashuka, halafu akasema maneno haya, tunayasoma yalivyo, “Msije mkasema nimesamehe, sijasamehe. Na msiseme mume wangu alikuwa malaika, alikuwa mbishi na alikoroma. Semeni tu hakuwa mwizi. Lakini mseme kwa sauti, askari wakiwepo.” Alipoulizwa kama atakuja, alisema ana shughuli zake.

Familia inawashukuru madaktari na wauguzi wa wodi ya figo kwa kumhudumia marehemu kwa moyo, inawashukuru majirani mliotuletea maturubai, maji na viti na kulala nasi msibani, inamshukuru muuza dawa, na inawashukuru askari wenzake wote mlioko hapa, hasa mkuu wa kituo wa sasa ambaye alikuja na wazo la kupiga risasi za heshima kaburini, tukamwomba zisipigwe, akavua kofia na kusema amewaelewa wafiwa. Mkuu, tunakuomba na jambo jingine moja, nalo ni kwamba wewe na vijana wako msimame, kwa sababu historia inayofuata siyo ya marehemu wetu, na ilipaswa kusomwa zamani.

Marehemu fundi viatu alizaliwa mwaka 1954, msimu wa mvua, tarehe hakuna aliyeishika. Alisoma hadi darasa la nne, akajifunza ushonaji viatu kwa mjomba wake, akafanya kazi hiyo miaka yote kwenye kibaraza kimoja, na wateja waliomletea viatu vilivyopinda aliwaambia viatu ni vizima, wakanyooshwe miguu. Alioa mwaka 1979, akapata watoto wanne, wa mwisho akazaliwa baba yake akiwa ameshazikwa. Hakuugua. Alifariki asubuhi ya Jumatatu, tarehe 12 Agosti 1991, akiwa amekaa, kiatu cha mteja mapajani, sindano mkononi, kwa risasi iliyotoka kwenye bunduki ya mdogo wetu. Hakusimama, hakumrukia mtu, hakugusa silaha ya serikali.

Hakuwa mwizi.

Fundi, pumzika kwa amani. Mdogo wetu, nawe pia, ukiweza.