Wachimba Visima wa Uthiru na Ufa wa Magadi

Kijiwe cha wachimba visima kiko Uthiru, kando ya Waiyaki Way, pale Idarus anapouza kahawa kwa birika lake la shaba. Ni benchi moja, winchi ya mbao imeegemezwa ukutani, kamba, na wanaume watatu wanaongoja mwenye shamba anayetaka maji. Asubuhi hiyo ya Agosti 2007 Nakhumicha alifika pale na mtoto mgongoni, hajalala vizuri. Mwezi uliopita ardhi ilitetemeka siku kadhaa mfululizo, watu wa mjini wakashuka ngazi za maghorofa mbio. Sasa watafiti walikuwa wanapeleka mtambo Magadi, wakautoboe ufa wa ardhi uliotikisika. Lori la vibarua wao lilisimama ng'ambo ya barabara likizibwa gurudumu. Mumewe, Musembi, alikuwa amewekewa nafasi. Kilichobaki ni yeye kuinuka kwenye benchi.

— Baba Janice, lori ndilo hilo.

— Nimeliona, alisema Musembi, akaendelea kupuliza kahawa.

— Mama Janice, pole pole, alisema Muigai, ambaye wote humwita Winchi kwa kuwa ndiye huizungusha. Unatuma mzee wako achokoze kitu imelala? Ukimwamsha aliyelala, utalala wewe.

— Imelala wapi? Juzi tu imenivunjia vikombe.

— Si basi wangoje ipoe! alidakia Wachira, aitwaye Profesa kwa sababu ya gazeti analolikalia. Kwani ufa inaenda wapi?

— Msimamizi wa hao vibarua amesema ikipoa hakuna kazi, alisema Musembi. Mawe yakisuguana yanashika moto. Wanataka kushusha kipimajoto kabla moto haujaisha. Halafu ufa nao huanza kujifunga, kama kidonda.

— Kidonda inajifunga, wewe unaitonesha? alisema Winchi. Maze, hiyo ni roho mbaya.

— Winchi, hujui kitu, alisema Profesa. Hakuna cha joto. Ardhi ikitingisika, mafuta inapanda juu. Hao wanakimbia wachote kabla serikali haijajua.

— Mafuta gani? Watatoboa, ziwa ya Magadi iingie kwa shimo, itokee hapa jirani Kinoo. Visima zote ziwe chumvi! Na sisi tutakula nini?

— Tena magadi ile ya kuchubua ngozi. Musembi akiwa huko chini, atatoka mweupe kama mzungu.

Nakhumicha alimpandisha mtoto juu zaidi mgongoni, akakaza leso.

— Nani amesema atakuwa chini? Shimo lenyewe ni upana wa sahani. Linashuka bomba. Mtu anabaki juu na kofia ngumu, anapokea mawe yanayopandishwa.

Winchi alicheka hadi akamwaga kahawa.

— Bila mtu kushuka? Hiyo si kuchimba, hiyo ni kudunga sindano! Wahenga walisema, mchimba kisima huingia mwenyewe.

— Na wewe umeingia lini?

— Mama Janice, wasamehe, alisema Idarus, akijishughulisha kufuta vikombe. Wameumbwa hivyo hivyo.

— Nimechoka kuwasamehe. Juzi udongo wa kisima ulimporomokea huyu mume wangu mpaka kiunoni. Wakarudi hapa wakasimulia kama mpira.

— Lakini tulimtoa, alisema Winchi.

— Mlimtoa. Kesho yake mkamshusha tena.

Musembi alitazama ndani ya kikombe. Nakhumicha alimjua: hakuogopa shimo, aliogopa kuwaambia watu hapana. Hilo ndilo lililomkosesha Nakhumicha usingizi.

Dereva akapiga honi. Papo hapo akatokea mwanamke aliyevaa gambuti zenye tope.

— Habari zenu. Naitwa Mwihaki, niko na shamba hapo juu. Nataka kisima.

— Umefika! Profesa akasimama. Futi themanini, futi mia, sisi tunaenda tu.

— Sawa. Nani anashuka?

Winchi alimtazama Profesa. Profesa akaliokota gazeti.

— Mimi ni wa kamba, alisema Winchi.

— Mimi niko na presha.

— Sijauliza nani hashuki, alisema Mwihaki.

Wote wawili wakageuka pamoja, wakamtazama Musembi. Hawakumwomba. Walimtazama tu, kama mtu anavyotazama koleo lake.

Musembi aliweka kikombe chini.

— Mama, hapa utangoja sana, alimwambia Mwihaki kwa adabu, akavuka barabara, akapanda lori.

Nakhumicha hakumpungia mkono. Alisimama kati ya benchi na barabara mpaka lori lilipopotea, asije mumewe akateremka kuwaaga wenzake, akabaki.