Sindano ya Bila

Benchi lenyewe ni ubao mmoja mrefu uliowekwa juu ya matofali, katikati ya kinyozi na kibanda cha fundi feni, na wanaolikalia kila asubuhi hawajawahi kukubaliana hata leo ni siku gani. Jumatano hiyo walikuwa watatu, nafasi ya nne iko wazi. Hiyo ni nafasi ya fundi viatu, aliyebandikwa jina la Bila kwa sababu ana kisukari, na kila akimiminiwa kahawa hunyanyua kidole na kusema, "Bila." Shangazi muuza kahawa alikuwa ameshamjazia kikombe chake kwa mazoea, akakumbuka, akakiacha palepale kwenye ubao. Bila amelazwa tangu juzi, anapumulia oksijeni. Injinia, yaani huyo fundi feni, alikuwa akitazama kila mahali isipokuwa kile kikombe.

— Mafua ni yaleyale, alianza Redio, karani mstaafu anayesikiliza taarifa ya habari mara nne kwa siku na kuzichanganya zote. Yametupitia sote hapa. Mimi nilipiga chafya siku mbili, nikanawa uso, basi. Mwenzetu yakamwangusha. Kwa nini?

— Nilimnyoa Alhamisi, alisema Wembe, kinyozi. Kipara kabisa. Baridi ikapata pa kuingilia.

— Kumbe ni wewe!

— Mimi? Si alitaka mwenyewe!

— Baridi wapi, bwana, alidakia Redio. Sikilizeni. Kirusi anapenda vitamu. Akiingia kwangu anaonja damu, anaona hamna kitu, anajiondokea. Akiingia kwa mtu wa sukari anajiona kafika harusini. Anaita na ndugu zake.

— Wangapi?

— Basi zima! Ndiyo maana kifua kimejaa.

— Sasa si wangemtia shubiri puani? Wakionja uchungu watimke.

— Anza na pua yako, Wembe, alisema Shangazi.

Walicheka, kisha wakamgeukia Injinia. Siku nyingine angekuwa ameshawanyamazisha wote. Hakuna jambo ambalo Injinia halielezi, na chuo hajawahi kukisogelea. Alijifunzia feni kwa mjomba wake, na kwa feni anaielewa dunia nzima. Leo alikuwa anazungusha kikombe chake tu. Alikuwa anakumbuka Ijumaa, Bila amekuja anakohoa, mfuko wa sindano zake za kisukari mkononi, analalamika kwamba tangu jana hajatia kitu tumboni. Na yeye, bisibisi mkononi, akamwambia: "Sindano inashusha sukari, sivyo? Na wewe hujala. Itashusha nini sasa? Feni isiyo na kazi unaizima. Ipumzishe mpaka upate hamu ya kula." Bila akamshukuru sana, akaufunga mfuko wake.

— Ni bushi, alisema Injinia, kwa kuwa walikuwa wanangoja.

— Bushi gani?

— Ile inayoshikilia mhimili wa feni uzunguke. Sukari ikizidi, damu inakuwa nzito kama asali. Mapafu yanazunguka kwa taabu, yanachemka, yanaungulia kwa ndani.

— Mapafu yanazunguka?

— Kitaalamu, ndiyo.

— Ee bwana, alisema Redio, na akaonekana kuridhika.

Hapo ndipo alipofika mwanamke mmoja kijana, mkoba begani, macho mekundu ya kukosa usingizi.

— Shikamooni. Samahani, Injinia ni nani kati yenu?

Redio alianza kukagua kitako cha kikombe chake. Wembe alijipangusa nywele ambazo hazikuwepo kwenye suruali. Injinia alitamani sana kusema kwamba mtu huyo hapa hayupo.

— Marahaba, mwanangu. Wa nini? aliuliza Shangazi.

— Mimi ni mtoto wa fundi viatu. Baba aliacha sindano tangu Ijumaa, sukari imepanda haishikiki. Daktari anasema mtu akiumwa, mwili unapandisha sukari wenyewe, hata asipokula. Na sukari ikishafika huko, mwili unapigana na virusi ovyo, unajiumiza wenyewe. Mapafu yake yamevimba kwa ndani. Jana walimchoma akiwa hajitambui. Leo kapata fahamu, anavuta mkono. Anasema hajala, na Injinia alimkataza. Tumembembeleza sote, hasikii.

— Ni mimi, alisema Injinia.

Aliona aibu mpaka masikio yakawaka moto. Yule binti hakumfokea, na ingekuwa heri amfokee.

— Baba, wewe umesomea haya mambo?

— Mimi natengeneza feni, mwanangu.

— Basi naomba umwambie hivyo hivyo.

Alipiga simu kwa mama yake aliyekuwa wodini, akamkabidhi. Injinia aliishika kwa mikono miwili. Upande wa pili alisikia pumzi inayokwaruza, fupi fupi, na hofu ikamshika vibaya. Rafiki yake alikuwa anahangaikia hewa.

— Bila. Mimi hapa. Waache wakuchome.

— Si… sijala, ilisema ile sauti.

— Najua. Nilikudanganya, ndugu yangu. Sikukusudia, lakini nilikudanganya. Sukari siijui. Nyoosha mkono.

Pumzi ile ilikwaruza, ikakwaruza tena. Kisha ikaja sauti ya mama:

— Kaunyoosha. Nesi anachoma.

Binti alipokea simu yake, akasema asante, akaondoka mbio mbio kurudi hospitali. Injinia aliketi tena.

— Atapona? aliuliza Wembe.

Wote walimtazama Injinia, kwa mazoea.

— Sijui, alisema.

Tangu ubao ule uwekwe juu ya matofali, hakuna aliyewahi kulisikia neno hilo pale. Shangazi alitikisa birika, lilikuwa tupu. Kahawa iliyobaki ilikuwa ile ya Bila, imeshapoa, na hakuna aliyeigusa.