Pointi Mbili za Hatakeyama

Wasikilizaji wapendwa, teremsheni birika, sogeeni karibu na redio. Theluji imefunga njia hapa Yokote, na mtu wetu mmoja hatunaye. Hatakeyama Kiyoharu, mrushaji wa Korongo, timu yetu ya besiboli, alifariki Jumanne. Alikuwa na miaka sitini na mitano.

Nawapa namba mbili. Zishikeni. Tatu nukta tisa moja. Tatu nukta tisa sifuri. Ya kwanza ni ya Hatakeyama: pointi alizofungwa, kwa wastani, katika kila vipindi tisa alivyorusha, miaka yote minane. Ya pili ni wastani wa warushaji wote wa ligi kwa miaka hiyohiyo. Mwenye namba ndogo ndiye bora. Kwa mujibu wa daftari, basi, Hatakeyama hakufikia wastani.

Daftari linadanganya. Nasema hivyo, na atakayekasirika akasirike!

Alirusha vipindi mia tisa. Aliandikiwa pointi mia tatu tisini na moja. Toa pointi mbili tu, anawapita wenzake. Na pointi hizo mbili hazikuwa zake.

Ilikuwa mechi ya mwisho ya msimu wa nane. Wapinzani wawili walikuwa tayari kukimbia kufunga, na alibaki mpigaji mmoja wa kutolewa. Mpira mwepesi ukamfuata Isogai Mamoru, mdakaji. Ukamponyoka. Wote wawili wakaingia: pointi mbili. Mdakaji akikosea namna ile, pointi haziandikwi kwa mrushaji. Lakini Isogai alikwisha kuonywa: kosa moja tena, anafukuzwa.

Hatakeyama akaenda kwa mwandishi wa matokeo, mzee Nukaga. Akavua kofia, akainama.

"Mzee, andika ulikuwa mpigo mzuri. Zihesabu kwangu."

"Wewe, jua limekuchoma? Mpira ule hata bibi yangu angeudaka!"

"Bibi yako hachezi Korongo, mzee. Isogai anacheza. Andika."

Nukaga akaandika. Wiki iliyofuata timu ikapunguza watu. Mrushaji asiyefikia wastani wa ligi, nje. Isogai akabaki, akacheza miaka mitano zaidi. Hatakeyama akaenda kubadilisha matairi ya theluji, miaka thelathini na minne.

Binti yake, Fumie, ameniambia: "Siku ile Baba hakupiga hesabu. Alipiga baada ya kufukuzwa, na hakuacha tena. Nyuma ya kalenda. Kwenye mvuke wa dirisha. Jibu lilikuwa lilelile."

Msimu huu wa majani kuanguka akalazwa. Aliomba jambo moja: daftari lirekebishwe kabla hajafa. Fumie akaenda ofisi ya ligi, na Isogai akaenda naye, akasema mbele ya watu, "Mpira niliudondosha mimi." Wakamsikiliza kwa heshima. Barua ikaja Jumatatu: kumbukumbu zimefungwa, mwandishi amekwisha kufa, sahihi ni yake.

Isogai aliniambia: "Kijana, Nukaga alikuwa jirani yangu. Miaka thelathini na minne tunasalimiana asubuhi. Ningemwambia siku yoyote arekebishe. Sikumwambia."

Jumatatu jioni Hatakeyama alimuuliza binti yake, "Ni ngapi sasa?"

Fumie anasema alitaka kudanganya. Ulimi ukakataa. "Tatu nukta tisa moja, Baba."

"Na ligi?"

"Tatu nukta tisa sifuri."

Akageukia ukutani.

Fumie, dada yetu, pole. Pole kwa ukoo wote wa Hatakeyama. Sina la kukufariji, na sitajifanya ninalo. Tatu nukta tisa moja itabaki pale, na sisi tuliokuwepo tutakwisha mmoja mmoja.

Nanyi, wasikilizaji wapendwa, fikirini usiku huu. Kama kuna mtu aliyebeba kosa lako, na aliyeliandika angali hai, vaa viatu. Nenda sasa, na theluji hiihii. Isogai anawaambia hivyo. Yeye alichelewa.