Tobia Kulwa na Kijiji cha Ilindila

Ndugu waombolezaji, majirani wa mjini na wa misheni, nanyi watani wetu Wazaramo mliochimba kaburi, ambao tangu jana mnatuambia kwamba Mnyamwezi hafi, ametua mzigo tu, tunawaomba mtustahi kwa muda huu mfupi, kwa sababu historia itakayosomwa ni ile aliyoiagiza marehemu mwenyewe, ile ya kweli, siyo ile mliyoizoea. Watoto wa shule mmewekwa mbele kwa makusudi, basi tegeni masikio.

Marehemu Tobia Kulwa alizaliwa katika kijiji cha Ilindila, Unyamwezi, mwendo wa siku mbili kutoka Tabora, katika mwaka ambao haukuandikwa popote, ila kwa kukadiria ni 1842, akiwa wa kwanza katika mapacha, ndiyo maana akaitwa Kulwa na mwenzake Doto, nao walifanana mno hata mama yao akawatambua kwa kovu la moto lililokuwa kwenye kiwiko cha Doto. Shule hakusoma, kwao shule haikuwapo, alichosoma ni njia, kwanza akiwabebea wapagazi vyungu na mikeka, kisha mwaka 1863 akaingia Bagamoyo kwa mara ya kwanza na pembe ya ndovu begani, maana kwao kijana ambaye hajaiona bahari hapewi mke, ataambiwa arudi akakae jikoni na mama yake.

Mwaka 1869, akitoka pwani katika safari yake ya pili, alifika Ilindila akakuta majivu. Ruga-ruga, wale askari wa kukodiwa wanaoteka na kuchoma vijiji, walikuwa wamepita, nyumba hazikubaki, ng'ombe hawakubaki, mama yake hakumwona wala hakupata wa kumuuliza, na mtu pekee aliyemkuta ni Doto, amelala kando ya ghala la mtama, amekwisha kufa, akamzika kwa jembe lisilo na mpini na kwa kucha zake. Tunalisema hili kwa sauti ili lisikike mpaka nyuma kule: Doto amekufa, alikufa mwaka ule, na Ilindila ikafa naye. Marehemu aligeuka na msafara uliokuwa unashuka pwani, na bara hakuikanyaga tena.

Alifika hapa Bagamoyo na kidonda kikubwa mguuni, akatibiwa misheni, akapona kwa kuchechemea, akabatizwa siku ya Pasaka ya mwaka 1870 kwa jina la Tobia, akapewa kazi katika shamba la minazi na baadaye akawa fundi wa kuezeka makuti, na wengi wenu hapa mmelala masika nzima bila kudondokewa na tone kwa sababu ya mikono yake. Mwaka 1871 alifunga ndoa na Bibi Skolastika, mzaliwa wa Unyasa, aliyeletwa pwani akiwa mateka na kukombolewa, nao wakajaliwa watoto wawili, Tarcis, aliyezaliwa Mei 1872, mwezi mmoja baada ya kimbunga kile kilichong'oa minazi, na Gertruda, aliyezaliwa 1875 na kuchukuliwa na ndui mwaka 1883, Mungu amrehemu.

Sasa tunafika penyewe. Mwaka 1879 mwalimu wa shule aliwaomba wazee waliotoka bara waje kila Jumamosi, wakimaliza kazi za shamba, wawasimulie wanafunzi maisha yao, kwa sababu wengi wa watoto wale waliokombolewa walichukuliwa wadogo sana, ukimwuliza mmoja kwao ni wapi atakuonyesha kidole upande wa machweo, basi. Marehemu alikwenda, na siku ya kwanza alisimulia yote kama yalivyokuwa, moto, ghala, kaburi la ndugu yake, na binti mmoja mgeni aitwaye Chausiku, wa miaka kama saba, alikataa chakula siku ile na ya pili yake, mpaka walezi wakaanza kuhofia roho yake.

Jumamosi iliyofuata marehemu alimketisha Chausiku karibu naye, akaisimulia Ilindila bila moto. Watoto wakauliza kama Doto yupo, akasema yupo, wakauliza kama mama yupo, akasema yupo, anasonga ugali, na yule binti akacheka, akala. Nani kati yetu angefanya vingine? Kuanzia hapo kila Jumamosi Ilindila ikawa inaongezewa, leo ng'ombe, kesho mizinga ya asali, wiki ijayo Doto kaoa, Doto kapata mtoto, Doto anamngoja ndugu yake njiani, na watoto wasiojua kwao wakaanza kuambiana kwamba na wao ni wa Ilindila, wakagawana nyumba zake, huyu ya mtoni, yule ya karibu na zizi. Bibi Skolastika alimwonya mumewe, alimwambia, “Baba Tarcis, njia ya mwongo ni fupi,” naye akajibu kwamba huo si uongo, ni uji wa wagonjwa, wakipona watakula kigumu.

Kosa ni kwamba mwanawe alikuwa amekaa palepale mkekani na wenzake. Nyumbani marehemu hakuwahi kumweleza Tarcis ukweli, ulimi ulikuwa mzito, alisema atamwambia akiota ndevu, na kijana hakungoja ndevu. Mwezi Julai 1886, akiwa na miaka kumi na minne, alijiunga na msafara uliokuwa unapanda bara, akamwachia maneno jirani yetu Bibi Mwajabu, kwamba wazazi wasihangaike, anakwenda kumleta Baba Mdogo Doto, na hatapotea, kwa maana atamjua tu, si ana uso wa Baba?

Ee jamani! Marehemu alikuwa Kaole akiezeka nyumba ya watu, habari ikamfikia siku tatu baadaye, akashuka kutoka juu ya paa na makuti mkononi, akaenda vilevile, akavuka mto Kingani, akafika Kikoka, na kwa mguu ule hakuweza zaidi. Walimrudisha kwa machela. Tangu siku ile hapakuingia msafara Bagamoyo asiufuate kambini, akawauliza wapagazi mmoja mmoja kwa Kinyamwezi na kwa Kiswahili, na mjini wakaanza kumtania kwamba ni karani asiye na daftari, naye hakujali.

Oktoba 1887 ndipo Mwinyimvua, kirangozi anayetangulia misafara njiani, mtu mkweli ambaye yuko hapa nasi, alipomletea jibu. Tarcis alifika Tabora salama, akaulizia Ilindila, akaambiwa na wazee kwamba kijiji hicho hakipo, kiliteketea zamani, naye akawacheka, akasema hawakijui, baba yake amemsimulia mpaka miti ya zizi, basi kitakuwa mbele zaidi. Akashika njia ya Ujiji, na kila alikolala alikuwa akiuliza kama wamemwona mtu wa sura hii, akieleza sura ya baba yake. Baada ya hapo hakuna aliyemwona.

Marehemu hakulia mbele ya Mwinyimvua. Alisubiri Jumamosi, akaenda shuleni, akasimama, yeye ambaye daima alikuwa anaketi, akawaambia watoto kwamba Ilindila ilichomwa, kwamba Doto alimzika mwenyewe, na kwamba yote aliyowahadithia ni maneno matupu. Watoto walicheka, ndugu zangu. Walimwambia Babu Tobia leo ana utani, wakamwomba aendelee pale Doto alipokuwa anarina asali, na aliposhikilia kwamba ni kweli, mmoja mkubwa wao akasema wazi kwamba Babu ana uchungu tu kwa sababu Tarcis amefika Ilindila na kule ni kuzuri, hataki kurudi. Alikwenda tena Jumamosi nyingine, na nyingine, akisimulia moto uleule, na kila alipozidi kuusimulia ndivyo walivyozidi kukiamini kijiji.

Ugonjwa wake ulianza Februari mwaka huu wa 1888. Kile kidonda cha zamani kilifunguka, homa ikafuata, kisha chakula kikamshinda, au tuseme alikikataa, maana sahani ya Tarcis ilikuwa ikipakuliwa kila jioni mbele yake, na Bibi Skolastika hakukubali iondolewe, na hakubali hata leo. Alifariki dunia hapa Bagamoyo Jumatatu tarehe 4 Juni, saa nne asubuhi, akiwa na umri unaokadiriwa kuwa miaka arobaini na sita. Neno lake la mwisho lenye maana lilikuwa ni kwamba historia hii isomwe mbele ya watoto, kwa kuwa maneno ya aliye hai hayakusadikiwa, labda ya maiti yatasadikiwa.

Familia inawashukuru waganga wa misheni waliomfunga kidonda kila siku bila kuchoka, Bibi Mwajabu na majirani wa mjini waliotuletea maji, kuni na chakula bila kuuliza sisi ni wa dini gani, mafundi wenzake wa kuezeka waliolifunika banda la msiba, na watani, ambao...

Tuwieni radhi. Mwalimu ametunong'oneza jambo hapa, na haliwezi kungoja. Vijana watatu wa darasa la juu, wavulana wawili na msichana, hawamo humu, na hawakulala bwenini jana. Wenzao wamesema sasa hivi kwamba walijiunga na msafara uliotoka jana mchana, saa chache baada ya marehemu kukata roho. Wamesema haifai mtu azikwe na ndugu yake wa tumbo moja hana habari, nao wamekwenda Ilindila kumpelekea Doto taarifa ya msiba.

Msafara siku ya kwanza hauendi mbali, mnajua, hulala karibu ili waliosahau vitu warudi kuvichukua, kwa hiyo bado tunaweza kuwakuta ng'ambo ya mto. Wanaume wote wenye miguu, kaburi likishafukiwa msiende kwenye sahani, twendeni kivukoni, na Mwinyimvua atatangulia. Akina mama, mkalisheni Bibi Skolastika, kwani tayari amesimama na kanga kiunoni, anataka kwenda.

Tobia Kulwa, pumzika. Kama ni kwa amani, tutajua tukifika Kingani.