Kushuka Mwamba Mbele ya Mkwe

Bwana asifiwe, wazee wenzangu. Mchungaji amenipa nafasi niseme nilivyoanguka nikainuka. Sitakawia, goti hili halipendi kusimama.

Shamba langu la maharage mnalijua, lile la juu ya mwamba. Njia ya kuzunguka ipo, lakini sisi wa Vidunda tumezoea kukata palepale mwambani. Na mnajua tunavyoshuka: unageuka, unaukumbatia mwamba, unatanguliza mguu nyuma kama mtoto anavyoshuka kitandani. Ndivyo mama yangu, marehemu Damari, alivyonifundisha.

Sasa siku moja ya mavuno nafika ukingoni, nachungulia chini, namwona nani? Mkwe wangu Yohana, mume wa binti yangu Veronika, katoka Mikumi kuja kunisalimia. Kasimama chini ya mwamba kabisa. Akina mama, nawauliza: mtu mzima umgeuzie mkweo makalio? Mnacheka, lakini hata nyie msingegeuka.

"Mama, nije nikupokee mzigo?" akaita.

"Tulia hapohapo, baba. Nakuja."

Nikashuka kifua mbele, mwamba una umande, kiroba kichwani. Mguu ukateleza. Maharage yalitangulia, mimi nikafuata. Mkono ukavunjika, kifundo cha mguu kikateguka, na Yohana huyohuyo akanibeba mgongoni mpaka barabarani. Aibu niliyoikimbia ikanipata yote.

Nilikaa Mikumi kwa Veronika mpaka mfupa ukaunga. Walinitunza, sina neno. Lakini nikasikia Veronika akisema mama asirudi tena mlimani, shamba apewe mtu mwingine. Ndugu zangu, nawaambia, chakula kilinishinda. Nilizaliwa na jembe. Nikakae barazani kutazama malori mpaka nife?

Yohana ndiye aliyesema, "Mama, twende ukaujaribu mwamba. Ukishindwa, utasema mwenyewe." Veronika akanuna siku nzima.

Tukaenda, jua limeshakausha jiwe, mimi mikono mitupu. Nikapanda kwa njia ya kuzunguka. Kufika ukingoni, nikataka kurudi. Ndipo nikamwona yule mkwe kule chini ananigeuzia mgongo, anatazama bondeni.

"Mama, mimi naangalia ng'ombe wa watu kule. Geuka ushuke. Ukitaka mkono, niite."

"Usigeuke!"

"Sigeuki, mama. Hata ukianguka?"

"Nikianguka, geuka!"

Nikageuka. Nikapapasa kwa mguu, jiwe baada ya jiwe, mpaka nikakanyaga udongo. Nikakohoa. Yohana akageuka taratibu, akainama, "Shikamoo, mama," kama vile ndiyo kwanza nimefika. Nikaitikia marahaba, machozi yananitoka.

Veronika alikubali nirudi, kwa sharti kwamba mzigo usishuke na mimi. Siku hizi nauteremsha kwanza kwa kamba. Namshukuru yeye kwa uji na kwa ukali wake, na jirani yangu Mama Eliza aliyenipalilia shamba bila kuombwa nilipokuwa Mikumi. Yohana simsemi sana, yuko pale mlangoni anaona haya.

Wazee wenzangu, ngojeni mwamba ukauke, na mgeuke, hata akiwepo nani. Nanyi wakwe na wajukuu, mkimkuta mzee anashuka, tazameni pembeni. Ila msiende mbali.